Mwambao wa Kitangiri na majabali ya Singida: Tiba isiyo na kiingilio, ila faida iko ukingoni

UKITOKA kliniki na kadi inayoonyesha presha imepanda, mambo mawili utakayoambiwa karibu kila mahali ni haya: punguza chumvi, fanya mazoezi. La kwanza linaeleweka, maana chumvi iko kwenye kopo jikoni. La pili ndilo linaloacha maswali. Mazoezi gani? Wapi? Kwa fedha ipi? Mjini kuna kumbi zenye mashine, ingawa wengi hawamudu ada zake. Kijijini, mtu mzima akionekana anakimbia alfajiri bila kufukuzwa na kitu, watoto watamcheka na majirani watauliza kulikoni.

Makala ya leo inajibu maswali hayo kwa kutumia sehemu moja ya nchi yetu: Kinampanda, kata iliyo juu ya uwanda wa Iramba, mkoani Singida, inayofahamika zaidi kwa chuo chake cha ualimu. Singida haina bahari. Lakini kutoka uwanda huo, nchi inashuka hadi bonde la Wembere na mwambao wa Ziwa Kitangiri, na upande wa mjini kuna Singidani na Kindai, maziwa mawili ya maji ya chumvi yaliyozungukwa na majabali. Sehemu hizi ukizitumia vizuri ni tiba. Ukizitumia vibaya, hasa upande wa maji, unaweza kurudi nyumbani na ugonjwa ambao hukuondoka nao.

Tatizo ni kubwa kiasi gani?

Utafiti wa kitaifa uliofanyika mwaka 2012 kuhusu viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kuwa takribani mtu mmoja kati ya wanne wenye umri wa miaka 25 hadi 64 nchini alikuwa na shinikizo la juu la damu, na takribani mmoja kati ya 11 alikuwa na kisukari. Haya si magonjwa ya matajiri wa mjini tena. Yanampata mwalimu, muuza duka, mtendaji wa kijiji, dereva wa bodaboda na bibi anayeuza vitunguu kando ya barabara.

Ubaya wa presha ni kwamba haiumi. Mtu anaweza kuishi nayo miaka kumi akijiona mzima, mpaka siku anapoamka mdomo umepinda na mkono hauinuki. Ndiyo maana kipimo cha 140 kwa 90 na kuendelea, kikirudiwa siku tofauti na kubaki hapohapo, hakipaswi kupuuzwa hata kama hujisikii vibaya.

Kwa nini kutembea ni dawa

Mwaka 1953 daktari wa Uingereza, Jerry Morris, na wenzake walichapisha utafiti uliobadili fikra za madaktari. Walilinganisha madereva na makondakta wa mabasi ya ghorofa ya London. Watu hawa walifanya kazi kwenye gari moja, lakini dereva alikaa kwenye kiti siku nzima huku kondakta akipanda na kushuka ngazi kukata tiketi. Makondakta waliugua ugonjwa wa moyo kwa kiwango cha chini kuliko madereva, na waliougua walielekea kuupata kwa namna iliyo nafuu zaidi. Tangu wakati huo tafiti nyingi zimethibitisha kwamba mwili unaotembea unalindwa.

Kinachotokea ndani ya mwili si muujiza. Misuli inapofanya kazi inachukua sukari kutoka kwenye damu na kuitumia kama kuni. Mishipa ya damu inalegea na kutanuka, hivyo moyo unasukuma kwa nguvu ndogo zaidi. Ukifanya hivyo mara kwa mara, presha inashuka kwa nukta chache, usingizi unakuwa mzuri na mawazo yanapungua uzito.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani. Kwa hesabu rahisi, ni nusu saa kwa siku, siku tano. Mazoezi ya wastani unayatambua hivi: unaweza kuzungumza na mwenzako, lakini huwezi kuimba. Watoto wa miaka mitano hadi 17 wanahitaji wastani wa dakika 60 kila siku.

Je, ni lazima iwe ziwani au mlimani? Hapana. Lakini mahali pana mchango wake. Mwaka 2019 watafiti nchini Uingereza walichapisha matokeo ya watu karibu 20,000. Waliotumia dakika 120 au zaidi kwa wiki katika mazingira ya asili, iwe msituni, bustanini au ufukweni, walielekea kusema wana afya njema na maisha ya kuridhisha kuliko wasiofanya hivyo kabisa. Utafiti wa aina hiyo hauthibitishi kwamba mazingira pekee ndiyo yaliyowaponya, kwa sababu mtu mzima wa afya naye hutoka zaidi. Lakini unakubaliana na jambo ambalo kila mtu analijua: mtu hurudia kile anachokifurahia. Mazoezi yanayochosha roho huachwa ndani ya wiki mbili.

“Mimi nalima, mazoezi ya nini?”

Swali hili huulizwa sana vijijini, na ni la haki. Kulima kwa jembe la mkono ni mazoezi, tena mazito. Kuchota maji, kutwanga na kubeba kuni pia ni mazoezi. Mama anayefanya hayo yote kwa siku moja haendi kuambiwa kwamba hajitumi.

Hata hivyo, kuna mambo mawili ya kuzingatia. La kwanza ni majira. Singida hupata mvua moja ya msimu, kwa kawaida kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Baada ya mavuno, kazi ya shamba inapungua sana kwa miezi kadhaa. Ni miezi hiyohiyo ambayo chakula kipo, sherehe zipo na pombe ipo. Mwili uliokuwa ukitumia nguvu nyingi unakaa kwenye benchi. Kwa bahati nzuri, ni kipindi hicho pia ambapo njia zimekauka na kutembea ni rahisi.

La pili linahusu wanawake. Wengi wao hawakosi kutumia nguvu, wanakosa kupumzika. Kwa mama aliyekwisha kutembea kilomita kadhaa na ndoo kichwani, matembezi yenye manufaa ni yale asiyobeba kitu, asiyoharakishwa na mtu, na ambayo mwingine amebaki nyumbani kuangalia chungu. Wanaume wanaosoma makala hii waichukue hiyo kama sehemu ya maagizo ya daktari.

Pa kwenda bila kiingilio

Bure hapa ina maana kwamba hakuna mlango unaolipiwa. Nauli ni gharama, na kwa sehemu za mbali itabidi mpange pamoja. Tuanze na karibu.

Uwanda wenyewe. Anayeishi Kinampanda hahitaji gari. Njia za miguu kati ya mashamba, hewa ya juu yenye ubaridi na miinuko midogo inatosha kwa nusu saa ya kila siku. Alizeti zinapochanua kuelekea mwisho wa mvua, hakuna bustani ya mjini inayoshinda mandhari hiyo. Walimu wanafunzi waliotoka mikoa mingine, ambao wengi hulalamika upweke katika miezi ya kwanza, wanaweza kuunda kundi la kutembea jioni. Mazungumzo ya njiani ni nusu ya tiba.

Majabali. Mawe makubwa ya Singida, yaliyopangana kana kwamba mtu aliyabeba, ni ngazi ya asili. Kupanda jabali dogo na kushuka polepole kunaimarisha mapaja, magoti na mizani ya mwili, jambo ambalo wazee wanalihitaji ili wasianguke. Chagua jabali lenye mteremko mpole, na usipande likiwa limelowa. Kwenye nyufa utaona pimbi wakiota jua.

Sekenke. Barabara kuu ya kutoka Singida kwenda Nzega inashuka kutoka uwanda kuelekea tambarare ya Wembere kwenye mteremko wa Sekenke. Ukiwa juu, bonde linaonekana limetandikwa hadi upeo wa macho. Lakini hii ni barabara ya malori na mabasi yenye kona kali. Usitembee pembeni ya lami, na usisimamishe gari kwenye kona ili kupiga picha. Tafuta njia ya miguu mbali na barabara, na ukae mbali na mashimo ya wachimbaji wa dhahabu, shughuli iliyopo eneo hili tangu enzi za Wajerumani.

Ziwa Kitangiri. Hili ndilo lenye mwambao wa kutembelea kwa siku nzima. Ni ziwa la kina kifupi linalopokea maji ya mto Wembere na kuyatoa kwa mto Sibiti kuelekea Ziwa Eyasi. Kwenye kijiji cha Tulya na vijiji jirani utaona mitumbwi ikirudi na perege na kambare, na ndege wengi wa majini. Tembea kandokando asubuhi, nunua samaki, kula kivulini, rudi. Samaki wa kuchemsha au kuchoma ni mlo bora kwa mwenye presha, ilimradi chumvi iwe kidogo. Wale wa kukaushwa kwa chumvi wawe wa nadra.

Singidani na Kindai. Ukienda Singida mjini kwa shughuli zako, usirudi bila kutembea kando ya moja ya maziwa haya. Maji yake ni ya chumvi, hayanyweki. Katika baadhi ya majira huja heroe, wale ndege wa miguu mirefu na rangi ya waridi ambao wengi tunawaita flamingo, kutafuta vijimea vidogo vya majini. Jua likizama nyuma ya majabali, hutajutia nusu saa uliyoitumia.

Hatari iliyojificha majini

Sasa tufike kwenye sehemu ambayo ningependa kila mzazi aisome mara mbili. Kitangiri ni ziwa la maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi kali kama ya Singidani. Katika nchi yetu, ziwa, bwawa au mto wowote wa maji baridi wenye majani na konokono ukingoni unapaswa kuchukuliwa kuwa una kichocho, hadi ithibitishwe vinginevyo. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye mzigo mkubwa zaidi wa ugonjwa huu barani Afrika.

Mzunguko wake ni huu. Mtu mwenye kichocho akikojoa au kujisaidia majini au karibu yake, mayai ya minyoo yanaanguliwa na kuingia kwenye konokono. Humo yanaongezeka, kisha vijidudu vichanga vinatoka kwa maelfu na kuogelea vikitafuta ngozi ya binadamu. Havihitaji kidonda wala mdomo. Vinapenya ngozi nzima ndani ya dakika chache, na huna utakachohisi zaidi ya muwasho mdogo. Hutoka kwa wingi jua linapokuwa kali, takribani kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, muda uleule ambao watoto hupenda kuogelea.

Wiki kadhaa baadaye huweza kuja homa, kikohozi, uchovu na vipele. Kisha kimya. Minyoo inaishi miaka mingi mwilini ikitaga mayai. Dalili ya kichocho cha mkojo ni damu kwenye mkojo, hasa matone ya mwisho. Kuna jamii zilizowahi kuichukulia damu hiyo kwa wavulana kuwa ishara ya kubalehe. Si kubalehe, ni ugonjwa, na ukiachwa unaharibu kibofu na figo na unaweza kuleta saratani ya kibofu. Kichocho cha tumbo kinaharibu ini, na wapo wanaofika hospitali wakitapika damu.

Kwa wanawake kuna jambo linalozungumzwa kidogo mno. Mayai ya kichocho cha mkojo yanaweza kukaa kwenye shingo ya kizazi na ukeni, yakaleta maumivu, kutokwa na damu baada ya tendo la ndoa na ugumba, na kuongeza uwezekano wa kuambukizwa virusi vya Ukimwi. Wengi huambiwa wana ugonjwa wa zinaa, ndoa zinatikisika, kumbe chanzo ni maji waliyoogea wakiwa wasichana. Dada mwenye dalili hizo na aliyekulia kando ya ziwa amweleze mhudumu wa afya historia hiyo.

Tiba ipo na ni rahisi: vidonge vya prazikwanteli, vinavyotolewa kwa kuzingatia uzito au urefu. Serikali huvigawa shuleni kama kingatiba katika maeneo yenye ugonjwa. Mzazi asimzuie mtoto kumeza, na mtoto ale kwanza ili asisikie kichefuchefu. Kumbuka kwamba dawa hii inaua minyoo iliyokomaa, si michanga. Aliyeingia majini jana akimeza leo hajajikinga. Aende kupima wiki sita hadi nane baadaye. Na dawa haizuii kuambukizwa tena ukirudi kwenye maji yaleyale.

Kwa mtalii wa siku moja, ushauri ni mfupi: faida ya Kitangiri iko ukingoni. Usiogelee, usitembee kwenye maji ya kina kifupi, usifue humo. Ukihitaji kunawa, tumia maji uliyobeba kutoka nyumbani. Tafuta choo, usiwe wewe unayewaachia wenyeji mayai. Wavuvi, ambao hawana namna ya kukwepa maji, wapime na kutibiwa kila mara kampeni inapopita.

Watoto, viboko na maji

Kuzama majini kunaua zaidi ya watu laki mbili duniani kila mwaka, na zaidi ya tisa kati ya kumi wako kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati. Mtoto anayezama hapigi kelele. Anazama kimya, ndani ya dakika chache, wakati watu wazima wanageuza samaki kwenye moto. Mkiwa kundi, mteueni mtu mmoja wa kuangalia watoto, asiyekunywa pombe wala kushika simu, na mpokezane kila nusu saa. Mtu akizama usijitose. Mtupie kamba, mti mrefu au dumu tupu lililofungwa kifuniko.

Kabla ya kukaa popote, waulizeni wenyeji kuhusu viboko na mamba. Kiboko hutoka majini kula majani kuanzia jioni, na mtu aliyesimama kati yake na maji yuko hatarini. Ondokeni mwamboni kabla giza halijaingia.

Jua, upepo na nyoka

Kofia pana, shati la mikono mirefu na maji ya kunywa yaliyochemshwa ni vitu vya lazima. Kwa ndugu zetu wenye ualbino, matembezi yawe kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni, na mafuta ya kuzuia jua yapakwe hata siku ya mawingu. Yapo yanayotengenezwa hapa nchini, mjini Moshi, mahususi kwa ajili yao. Ulizia kliniki ya ngozi.

Juni hadi Agosti upepo wa Singida ni mkali na baridi. Mwenye pumu avae kitambaa puani na asiache dawa yake ya kuvuta nyumbani.

Kwenye majabali, usitie mkono kwenye ufa usioona ndani, na vaa viatu vinavyofunika mguu. Aliyeumwa na nyoka atulizwe, avuliwe pete na bangili, mguu au mkono usitikiswe, na apelekwe hospitali haraka. Msifunge kamba kwa nguvu, msichanje, msinyonye. Na ukiona mzinga wa nyuki mtini, pita mbali.

Nani aanze kwa daktari?

Kutembea polepole ni salama kwa walio wengi. Lakini muone mhudumu wa afya kwanza ikiwa presha yako ni 180 kwa 110 au zaidi, una maumivu ya kifua, unahema ukitembea hatua chache, au una kidonda cha mguu na kisukari. Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari abebe kitu kitamu kama asali au chai yenye sukari, kwa sababu sukari inaweza kushuka njiani. Ukitembea ukasikia kifua kinabana, kizunguzungu au jasho baridi, simama, kaa chini, omba msaada. Na usiache vidonge vya presha kwa sababu umeanza kutembea. Kama matembezi yamesaidia, daktari ataona kwenye kipimo na yeye ndiye atakayepunguza.

Anza wiki hii

Wiki ya kwanza, tembea dakika kumi kwa siku. Ongeza dakika tano kila wiki hadi ufike 30. Siku mbili kwa wiki panda mwinuko au jabali. Mara moja kwa mwezi, panga safari ya pamoja, kanisani, msikitini, kwenye kikundi cha vikoba au shuleni, mchangie nauli na mwende mwamboni. Bebeni viazi vitamu, karanga, matunda na maji, soda ziachwe.

Pima presha leo, andika namba, kisha pima tena baada ya miezi mitatu. Kipimo hicho cha pili kitakueleza kama njia uliyochagua inakusaidia.